Mfinyanzi Aliyenicheka

Siku yangu ya kwanza kazini nilipiga picha ngoma nzima ya wacheza nyoka na sikupata hata picha moja. Filamu haikuwa imeshika meno ya kamera. Niliinama, nikapiga magoti, nikalala kifudifudi kwenye vumbi, nikawaamuru watu wazima wasogee kulia na kushoto, na muda wote huo filamu ilikuwa imejikunja ndani ya kopo lake haijui kama kuna kazi. Chatu mmoja alipitishwa karibu na shingo yangu na sikukimbia, maana nilidhani napiga picha ya maisha yangu. Ofisini mkuu wangu aliponiuliza picha ziko wapi, nilimwambia mwanga ulikuwa mbaya. Kwa kuwa mwanga hauna mdomo wa kujitetea, nimeusingizia kwa miaka thelathini na mitatu.

Ninyi wenzangu mliobaki ofisini mmeniomba niandike mawili matatu kuhusu kazi hii kabla sijaanza kusahau, au kabla sijaanza kupamba. Kwa hilo la pili mmechelewa kidogo. Vyeo sitavitaja, maana havikuwa vingi kiasi cha kujaza ukurasa, na mshahara mnaujua. Nitasema habari za kamera, za barabara, na za mwanamke mmoja wa Igunga niliyemkosea, ikanichukua karibu maisha yote ya kazi kujua kwamba nimemkosea.

Kazi yenyewe ilikuwa na jina refu. Nilipewa orodha iliyopigwa taipu, kichwa chake "Mila Zinazotoweka Kandokando ya Njia ya Misafara", nikaambiwa niziwahi. Kulikuwa na wacheza nyoka, wafua chuma, warina asali, wapiga ngoma na wafinyanzi, kila kundi limeandikiwa kabila lake pembeni, utadhani ni orodha ya mazao na wilaya zake. Aliyeitunga hakuwa mkali wa ramani. Igunga iliingizwa, nadhani, kwa sababu mabasi na malori ya Mwanza yanapita pale na msafiri hakosi sahani ya wali. Babu wa babu yangu aliingia Tabora na misafara akitokea Manyema, kwa miguu, na pembe ya tembo ya mtu mwingine begani. Mimi nilizunguka ndani ya gari la ofisi, nimebeba kamera moja, nikilalamika kwamba mkanda wake unanikata shingo.

Aliyenifundisha kazi hakuwa mtu wa ofisini. Alikuwa Mzee Feruzi, mwenye studio ndogo mtaa wa Mtendeni, Tabora mjini, yenye pazia lililochorwa ngazi na maua, na nusu ya mji ilipigiwa picha za harusi mbele ya ngazi hizo zisizokwenda popote. Mkuu wangu alinipeleka kwake baada ya ule mwanga mbaya kutokea mara ya tatu. Mzee Feruzi alinifundisha kuivuta filamu hadi ishike, kuzijua dawa za kusafishia picha kwa harufu, na kushika negativu kwenye kingo tu, kama unavyoshika sambusa iliyotoka kwenye mafuta. Na alikuwa na daftari. Kila aliyekaa kwenye kigoda chake aliandikwa kwanza: jina lake, jina la baba yake, anakaa wapi. Ndipo mzee anabonyeza. Nilimwuliza kwa nini anajisumbua kuwaandika watu anaowajua tangu walipokuwa wanatambaa. Alinijibu kwamba sura peke yake haikai, inataka jina la kuishikilia. Nilimwitikia "ndiyo, mzee" na nikawa nimeshasahau kabla sijavuka barabara. Niliona daftari ni la watu wa picha za pasi. Mimi nilikuwa napiga makabila.

Sasa niwaambie habari za sanduku la bati, ambalo wengine mmelikuta stoo mkadhani ni mali ya makumbusho. Nilipoanza kuzunguka vijijini niligundua kwamba mila zinazotoweka zilivaa fulana za timu za mpira, saa za mkononi na kandambili. Mrina asali mmoja wa Sikonge alitoka msituni amebeba mzinga wa gome la mti kama ule aliobeba babu yake, lakini kichwani alikuwa na kofia ya kampeni. Orodha yangu haikuwa na nafasi ya kofia. Basi nikakusanya vitu: kaniki mbili, ngozi ya mbuzi, shanga za kiunoni ambazo niliwavisha watu shingoni kwa kutojua, na kibuyu kimoja kirefu chenye shingo iliyopinda. Nikifika kijijini nafungua sanduku, nawavua watu walivyo, nawavisha wanavyotakiwa kuwa.

Watu walinivumilia. Mgeni ana heshima yake, hata akiwa mwehu. Kile kibuyu kilipigwa picha Nzega mikononi mwa Mnyamwezi, kikapigwa Sikonge na mrina asali, kikafika hadi Ulyankulu na wapiga ngoma wenye asili ya Burundi, ambao walicheka wakauliza kibuyu kinapigwaje. Tulipofanya maonyesho ya kwanza mjini, bibi mmoja alizipitia picha zote taratibu, mikono nyuma, halafu akaniuliza kwa upole kama hicho kibuyu ni ndugu yangu, maana anakiona kila nilipo. Nikamwambia ni ishara ya umoja wa makabila ya njia ya misafara. Akasema sawa, baba.

Igunga nilikwenda mwaka wangu wa pili. Orodha ilisema "mfinyanzi mkongwe". Dereva wetu alikuwa Masanja, Msukuma mwenye umri wa baba yangu mdogo, aliyeamini kwamba kazi yangu ni aina fulani ya likizo. Ndiye aliyeulizia njiani hadi tukaelekezwa kwenye kaya moja nje kidogo ya mji, kupita majaruba ya mpunga. Tulimkuta mwanamke anakanda udongo juu ya gunia, na mara moja nikaona tatizo. Alikuwa na miaka thelathini na kitu. Alivaa koti la mumewe, mikono imekunjwa hadi kwenye viwiko, na viatu vya plastiki, na uso wake ulikuwa uso wa mtu aliyelala vizuri na kula vizuri. Haukuonekana kabisa kama uso wa mtu anayetoweka.

Masanja alinivuta pembeni. Aliniambia kwamba katika nyumba kama hizo mgeni akikuta udongo unakandwa hasimami kutazama tu, anaingiza mikono naye akande kidogo, kwa sababu jicho la mtu asiyeshika udongo hupasua vyungu motoni. Nilimwambia mikono yangu ni ya lenzi na haiwezi kushika tope. Nililisema hilo kwa sauti ambayo hadi leo nikiikumbuka naona aibu. Mwenye nyumba alisikia, akanitazama, akaendelea kukanda.

Nilifungua sanduku, nikamtolea kaniki. Akaishika kwa vidole viwili, akainusa, akauliza ni ya nani na kama mwenyewe bado yuko hai. Akanirudishia na kusema yeye ana nguo zake. Basi nikapata wazo ambalo nililiona la kisanii kuliko yote niliyowahi kupata: nikapiga mikono tu. Mikono yake ilikuwa imetangulia umri. Udongo na moto viliichanja na kuikausha, na kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto kilikuwa kimejikunja kwa kuungua zamani. Hiyo ndiyo ilikuwa mikono ya orodha yangu. Nilisogea karibu hadi koti likatoka kwenye picha, viatu vikatoka, uso ukatoka. Nilipiga filamu nzima na sikumwuliza jina.

Baada ya siku nane tulirudi kupiga picha za kuchoma. Vyungu vilikuwa vimekauka kivulini, vimepangwa juu ya kuni na mavi ya ng'ombe asubuhi mapema, na tulipofika moto ulikuwa umeshatulia. Viwili vilikuwa vimepasuka katikati. Mama yule hakugomba. Alivibeba vile vigae, akaviweka miguuni kwangu vikiwa bado vina joto, akasema hivyo viwili ni vyangu. Kisha akaenda kwenye gunia la udongo mpya, akalifunua, akasema hakuna picha nyingine hapa mpaka nikande.

Masanja alikuwa ameshanivua kamera shingoni, kwa furaha ambayo hakujaribu kuificha. Nilikunja mikono ya shati. Nilikuwa nimevaa suruali ya kaki niliyoishonesha kwa fundi wa mjini, yenye marinda mawili na imepigwa pasi ikasimama, maana nilipenda vijiji vinione nimetoka ofisini. Nilipiga magoti, nikaingiza mikono. Udongo wa mfinyanzi una tabia ya kukupokea taratibu na kukataa kukuachia. Nilijaribu kuukanda kwa mabega kama nilivyoona akifanya, nikateleza, nikaingia hadi viwikoni, na nilipojiinua nyuma kujinusuru, suruali ikaachia mshono kuanzia juu hadi chini.

Mama yule alicheka. Naomba mnielewe, hakucheka kwa kujiziba mdomo. Alirudisha kichwa nyuma, mkono mmoja kifuani juu ya koti, akacheka hadi akashika nguzo ya banda. Halafu akasema neno ambalo Masanja alilirudia kwa miaka yote tuliyosafiri pamoja, hadi alipostaafu.

"Haya, sasa na wewe tumekuona," alisema. "Vyungu havitapasuka tena."

Masanja, ambaye hakuwa amewahi kupiga picha maishani mwake, alibonyeza mara moja tu. Nilipoisafisha kwenye chumba cha giza, nikaona imetoka kali kuliko zangu zote. Upande wa kushoto alisimama mama, uso wazi, mwanga wa asubuhi umempata sawasawa, anacheka. Upande wa kulia nilikuwa mimi, magotini, mgongo kwa kamera, chupi nyeupe imechomoza kwenye kaki kama barua kwenye bahasha iliyochanika. Nilikata negativu ile peke yake, nikaiweka kwenye bahasha, nikaandika juu "Zilizoharibika". Ofisini nikasema mwanga ulikuwa mbaya.

Picha ya mikono mnaijua. Ndiyo iliyonipa jina. Iliingia kwenye kalenda, kwenye mabango, kwenye jalada la ripoti, na chini yake imeandikwa daima "Mikono ya mfinyanzi wa Kinyamwezi". Wageni walikuja wakasimama mbele yake, wengine wakanishika bega. Nami nilikuwa nimeandaa maelezo marefu kuhusu kutoweka, ambayo niliyatoa kwa sauti ya chini, nikitazama dirishani. Kama mmoja wenu alinirekodi na bado ana dakika zile kwenye simu yake, naomba azifute.

Wakati huohuo mila zenyewe zilikataa kutoweka. Mcheza nyoka wa siku yangu ya kwanza amemrithisha mwanawe, na juzi huyo mwana ameniomba namba ya simu anirushie video zake. Asali bado inarinwa. Vilivyotoweka ni vya kwangu: filamu, dawa, chumba cha giza, na studio ya Mzee Feruzi, Mungu amrehemu, ambayo sasa ni duka la vifuniko vya simu. Wahenga walisema mfinyanzi hulia gaeni. Mimi sina hata picha moja ya harusi yangu, kwa sababu niliyemkabidhi kamera nilimfundisha mwenyewe kuweka filamu.

Mwezi wangu wa mwisho kazini, nikiwa nafunga makaratasi, alikuja mwanamke kutoka Igunga. Alikuwa amepanda basi hadi Nzega, akabadilisha, akafika ofisini mchana akiwa na vumbi hadi kwenye kope. Akanipa shikamoo, nikaitikia, nikamkaribisha kiti. Jina lake Nyamizi. Alisema ameona bango la mikono kwenye ukuta wa ofisi moja kwao, na amekuja kwa sababu kidole kile kilichojikunja anakijua. Ni cha mama yake.

Nilifurahi, wajinga huwahi kufurahi. Nilimwambia mikono ya mama yake imefika mbali. Nikampa mkononi nakala kubwa, ile nzuri ya karatasi nzito, nikaanza na yale maelezo yangu ya kutoweka. Aliniacha nimalize. Kisha akaniambia mama yake alifariki yeye akiwa na miaka kumi na mmoja, kwa homa ya siku nne, na hapakuwa na picha hata moja nyumbani. Ufinyanzi upo, anafinyanga yeye na mama zake wadogo, wanauza mnadani kila wiki. Na tena wao si Wanyamwezi, ni Wasukuma. Lililomleta ni jingine. Ana binti wa mwisho, na wazee wote wa ukoo wanasema mtoto yule ni bibi yake mtupu. Wanamwita mama kwa utani, wanamsalimia kwa heshima. Yeye peke yake hawezi kusema ndiyo wala hapana. Alikuja aone uso, aulinganishe na wa mwanawe.

Nilimwambia uso sikuupiga. Lilinitoka jepesi kabisa, sikulifikiria hata kidogo. Nadhani ilikuwa ile kaki. Miaka thelathini na zaidi imepita, suruali yenyewe haipo, na bado niliilinda kuliko nilivyomwonea huruma mtu aliyekaa mbele yangu.

Aliirudisha ile nakala juu ya meza, akailaza vizuri.

"Mikono naikumbuka, baba," alisema. "Ilinilisha, ilinichapa. Uso ndio umenitoka."

Akashukuru, akasimama. Alisema atalala kwa ndugu yao na kuondoka na basi la asubuhi. Alipofika mlangoni nilimwuliza mama yake aliitwa nani. Ilikuwa mara ya kwanza kuuliza. Akasema Kabula, binti Shija. Kisha akaongeza, bila kunilaumu, kwamba anakumbuka jioni moja mama alirudi kutoka bandani akiwasimulia habari za mtu wa picha, akawa anacheka hadi chakula kikaungua, na kila alipoulizwa imekuwaje alishindwa kumaliza. Hawakuwahi kujua kulitokea nini.

Nilimwambia apite ofisini kesho kabla ya basi. Nikafunga mlango, nikatoa mafaili yote sakafuni. Niliyemwita anisaidie ni Rehema, ambaye wengi wenu mnamjua na mnajua pia kwamba si mtu wa kuficha kicheko. Bahasha ya "Zilizoharibika" ilikuwa chini kabisa, na niwape siri ya kikazi: negativu iliyofichwa kwa aibu hutunzika kuliko iliyotunzwa kwa sifa. Rehema aliipitisha kwenye mashine yake, ikatokea kwenye skrini, akaiangalia, akaniangalia, akatoka nje kwa muda. Aliporudi macho yalikuwa na machozi na hayakuwa ya huzuni. Nilimwomba akate upande wa kulia wote. Akaukata. Nikamwambia atoe pia ile nzima, basi tu, kwa ajili ya kumbukumbu. Akasema alikuwa ameshaitoa.

Asubuhi Nyamizi alipoingia nilimpa ile iliyokatwa. Hakuketi. Aliishika kwa mikono yote miwili. Alipitisha kidole gumba kwenye paji la uso, puani, kwenye kidevu. Akasema ni yeye. Akasema wazee hawakukosea, mtoto ni yeye mtupu, hata mwanya wa meno ya juu. Akalia bila sauti, na nikaona aibu yangu ilivyokuwa ndogo na ilivyochukua nafasi kubwa.

Alipojifuta ndipo alipoona. Rehema alikata vizuri, lakini kwenye ukingo kulibaki kitu cheusi chenye tope.

"Hiki kiwiko cha nani?"

Ningeweza kuusingizia mwanga. Nilifungua droo nikampa ile nzima, na nikamweleza yote tangu mwanzo: udongo niliokataa kuushika, vyungu viwili vilivyopasuka, kaki, mshono, na maneno ya mama yake neno kwa neno. Nilieleza nikitazama sakafu. Nilipofika kwenye chupi nilisikia kicheko, nikainua macho. Alikuwa amerudisha kichwa nyuma, mkono mmoja kifuani, na mwingine ameshika mlango.

Nilimwambia achukue ile iliyokatwa, ndiyo inayofaa kutundikwa sebuleni mbele ya wageni na watoto. Alizitazama zote mbili, akaifunga ile nzima ndani ya khanga yake, na hii nyingine akanirudishia mkononi.

"Hii baki nayo wewe, baba," alisema. "Humu umemwacha mama anacheka peke yake."